Wenzangu wote wanajua Mungu amewaitia nini, mimi sisikii kitu

Shikamoo Mama,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni binti wa miaka 17, nasoma kidato cha nne shule ya kutwa. Nyumbani ni Isongole, kule juu kwenye baridi kabla hujashuka Tukuyu. Baba alifariki nikiwa darasa la tano. Naishi na mama, mdogo wangu wa kiume aliye darasa la sita, na bibi mzaa mama. Mama analima viazi.

Pasaka mwaka huu nilikwenda kongamano la vijana wa madhehebu mbalimbali pale mjini Mbeya, siku nne. Mama aliuza magunia mawili, tena lumbesa, kwa bei ya kutupa, ili nipate nauli na mchango. Siku ya tatu usiku mhubiri alifundisha kuhusu kusudi. Alisema Mungu amempa kila mtu kusudi lake moja, na kijana akifika miaka 17 hajalijua, ajue kuna adui amelikalia. Halafu akasema tutulie, kila mmoja amwombe Mungu amwonyeshe. Taa zikazimwa upande mmoja, kinanda kikawa kinapigwa polepole. Wenzangu wakaanza kulia. Rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja alisema ameona umati mkubwa na yeye anaimba mbele yao. Kijana mwingine wa kwetu akasema ameitwa kuwa mwinjilisti wa mataifa. Mimi nilifumba macho nikaomba kwa nguvu zangu zote. Sikuona kitu. Nilichokuwa nasikia ni miguu yangu ilivyopata baridi. Mwishoni wakauliza nani bado. Nikaona aibu kunyoosha mkono, nikajifunika na kitenge nikajifanya nalia.

Mama, yale machozi ya uongo yananisumbua mpaka leo.

Tangu turudi, vipindi vyetu vya maombi shuleni vinaanza na ushuhuda wa kusudi. Nilipofikiwa nikasema bado naomba. Kiongozi wetu akasema basi kuna dhambi naificha. Nikajichunguza, nikaungama mpaka vitu vya darasa la pili. Nikafunga siku tatu bila kula. Siku ya tatu asubuhi nikaanguka mstarini, mwalimu akanipeleka jikoni wakaninywesha uji. Mama aliposikia alilia.

Sasa rafiki yangu anasema kuna mtumishi mjini ambaye akikuangalia tu anaona kusudi lako. Unatoa elfu ishirini ya kumwona, unapewa na mafuta. Mimi ninayo 35,000. Niliiweka kidogo kidogo kwa kuuza viazi vidogo ambavyo mama ananiachia, ili nikichaguliwa kidato cha tano ninunue godoro na ndoo. Rafiki yangu anasema, godoro bila kusudi ni la nini?

Jambo lingine ni bibi. Macho yake yamepotea, huu mwaka wa pili haoni. Kila jioni tukimaliza kula namsomea neno la siku kwenye kile kitabu chetu cha Moravian, na sura moja ya Biblia. Nisipomsomea halali vizuri. Nikisoma haraka ananisimamisha, na kuna mistari mingine anaimalizia mwenyewe kwa Kinyakyusa kabla sijafika mwisho. Nampenda bibi. Ila mazoezi ya kwaya ya vijana ni jioni hiyo hiyo, siku tatu kwa wiki, na mimi siendi. Wakati mwingine nasoma huku nasikia wanaimba kule kanisani, naona wenzangu wanaendelea na wito wao, mimi nimebaki na taa ya sola na bibi.

Halafu mama anataka nikachukue PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, niwe daktari. Mimi nafaulu zaidi Kiswahili na Historia. Kiongozi wetu anasema nisichague tahasusi yoyote mpaka Mungu aseme.

Mama, inawezekana Mungu akaumba mtu akasahau kumpa kusudi? Na je, niende kwa huyo mtumishi?

Ni mimi,
Binti wa Isongole

*

Amina, mwanangu, asifiwe milele. Marahaba. Na bibi naye mwambie nimemwamkia, shikamoo yake.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, na kuna mahali sauti ilinikatika. Nitakuambia ni wapi. Kwanza tumalize la fedha kwa kuwa ndilo lenye haraka.

Usiende. Elfu ishirini yako ikae pale pale ilipo mpaka siku ya godoro. Fungua Matendo ya Mitume sura ya 8. Yupo mtu anaitwa Simoni, aliyekuwa mchawi kule Samaria, akawaona mitume wakiwawekea watu mikono wakapokea Roho Mtakatifu, naye akaleta fedha ili apewe uwezo huo. Petro hakuuliza ni shilingi ngapi. Alimwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye, kwa kudhani kwamba karama ya Mungu hupatikana kwa mali. Simoni alikuwa mnunuzi na alikemewa hivyo. Pima mwenyewe anayeuza angeambiwa nini. Kama Mungu ana neno la kukuambia wewe, yatima wa baba, hawezi kuliweka mahali ambapo mtoto asiye na elfu ishirini hafiki.

Tena liko jambo ambalo huenda rafiki yako hakuliwaza. Binti wa miaka 17 kuingia peke yake chumbani kwa mwanamume asiyemjua, mlango ukafungwa kwa ajili ya maombi, ni hatari, hata kama juu ya mlango pameandikwa jina la Yesu. Anayetaka kukuombea kwa moyo mweupe atakuombea mama yako akiwa amekaa hapo.

Sasa usiku ule wa kongamano. Mimi nimefundisha darasa la kipaimara hapa Mbeya kwa zaidi ya miaka 20, na nina deni kwa watoto kama wewe. Mwaka mmoja, Jumapili moja kabla ya kipaimara, niliwasimamisha wanafunzi wangu mbele ya usharika, mmoja mmoja, waseme Mungu amewaitia nini. Niliona ni jambo zuri sana. Alikuwepo kijana amevaa koti la baba yake, mikono ya koti imefunika vidole vyote. Alisimama, akamtazama baba yake aliyekaa benchi la mbele, akasema, "Uchungaji." Akina mama wakapiga vigelegele. Baada ya kipaimara hatukumwona tena ibadani. Miaka mingi baadaye tulikutana stendi, ana mke na mtoto mgongoni kwa mke, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwalimu, siku ile nilisema uongo mbele ya madhabahu, nikawa naogopa kurudi." Nilimwomba msamaha pale pale, tumesimama katikati ya mabasi. Tangu siku hiyo sijamsimamisha mtoto mwingine kumuuliza swali hilo.

Kwa hiyo nikikuambia kwamba kosa la usiku ule hukulifanya peke yako, nasema kama mtu aliyewahi kulitenda. Walikuweka gizani, wakakupa dakika chache, wakakutisha na adui, kisha wakauliza nani bado. Mtoto yeyote angejifunika kitenge.

Hata hivyo machozi yale yaungame, maana yanakuuma. Mwambie Mungu usiku wa leo kwa maneno yale yale uliyoniandikia, na yaishe. Halafu mwambie na rafiki yako wa dawati. Katika vijana niliowalea wamenijia wengi, kila mmoja kwa siri yake, kuniambia kwamba walilia kwa sababu wa pembeni alilia. Sisemi rafiki yako hakuona alichosema ameona. Hilo ni lake na Mungu wake. Nasema tu kwamba hukuwa peke yako kwenye ule ukumbi.

Na yule kiongozi aliyesema unaficha dhambi, mwenyewe bado ni kijana, nadhani amerudia alichosikia. Marafiki wa Ayubu walimwambia Ayubu maneno hayo hayo, sura kwa sura. Mwishoni kabisa mwa kitabu, Mungu aliwakasirikia wao.

Sasa nakuja pale sauti iliponikatika. Ni pale ulipoandika kwamba umebaki na taa ya sola na bibi.

Mwanangu, chukua Biblia usome 1 Samweli sura ya 3, taratibu, usiruke hata mstari. Unaifahamu habari ya Samweli kuitwa, tuliifundishwa wote tangu shule ya Jumapili. Lakini tazama ilikuwaje kabla hajaitwa. Mstari wa kwanza unasema neno la Bwana lilikuwa adimu siku zile, mafunuo hayakuwa mengi. Kwa hiyo ukimya wenyewe si ugonjwa wako. Vimekuwapo vizazi vizima vya watu wa Mungu vilivyoishi katika ukimya. Mstari wa pili unasema macho ya Eli, yule kuhani mzee, yalikuwa yameanza kupofuka, hawezi kuona. Mstari wa tatu, taa ya Mungu ilikuwa haijazimika, na Samweli amelala. Mtoto, mzee asiyeona, na taa. Ulipoandika kuhusu jioni za nyumbani kwenu uliandika mistari hiyo bila kujua.

Kisha anaitwa. Hajui ni nani anayemwita. Anaamka anakimbia kwa mzee, "Nipo hapa, umeniita." Anaambiwa sikukuita, rudi ukalale. Mara tatu! Nimewalea watoto, najua mtoto wa kawaida akiamshwa mara ya pili na mzee anayesema hakuita, mara ya tatu anajifunika shuka anajifanya amelala. Samweli aliamka mara ya tatu, akaenda. Na Biblia inasema wazi, mstari wa saba, kwamba mpaka saa ile alikuwa bado hajamjua Bwana. Alichokuwa nacho ni mazoea ya kuamka mzee akimhitaji. Mazoea hayo hayo ndiyo yaliyomfikisha kwenye sauti, na mzee yule yule asiyeona ndiye aliyemwambia ni nani anayemwita na amjibu nini. Angekuwa amekwenda kutafuta wito wake mahali pengine, asingekuwapo usiku ule.

Liko na jambo jingine pale ambalo sijasikia likihubiriwa kwenye makongamano. Mungu alipozungumza, hakumwambia Samweli neno hata moja kuhusu Samweli. Hakusema utakuwa nabii mkuu, utawapaka wafalme mafuta, umati utakusikiliza. Alimwambia habari za nyumba ya Eli, habari nzito za kuogopesha, na kijana akalala nazo mpaka asubuhi. Kulipokucha alifanya nini? Mstari wa 15: akafungua milango ya nyumba ya Bwana. Kazi yake ya kila siku. Usiku amesema na Mungu, asubuhi yuko kwenye makomeo.

Hili la kusudi tunavyowafundisha ninyi vijana siku hizi, tumeligeuza kuwa picha ya mtu kujiona mwenyewe mbele ya umati. Ninalisikia na linanisikitisha. Katika Maandiko wanaoitwa huitwa kwa ajili ya mtu mwingine: watu walio utumwani, mji wa Ninawi, mjane, kundi la kondoo. Wewe unauliza kama Mungu amesahau kukupa kusudi, na wakati huo huo kuna mtu ambaye usipofungua kinywa chako jioni, yeye halali.

Usinielewe vibaya. Sisemi kazi yako ya maisha ni kumsomea bibi na basi. Kazi yako ya maisha siijui, wala mama yako haijui, na si lazima wewe uijue mwezi huu. Kuwa wa Kristo uliitiwa siku ya ubatizo, na wito huo ni mmoja kwa kijana wa Isongole na kwa askofu. Utamtumikia ukivaa koti jeupe, ukishika chaki au ukishika jembe, hilo litakuja kwa hatua, na hatua nyingi utazielewa ukishazipita.

Kile kitabu unachomsomea bibi kina historia yake, na nadhani hukuwahi kusimuliwa yote. Zinzendorf, aliyekianzisha, unamjua kwa jina, Wamoravian wote tunamjua. Alizaliwa mwaka 1700 kule Ujerumani. Baba yake alifariki yeye akiwa na wiki sita. Mama yake alipoolewa tena, aliyemlea ni bibi yake mzaa mama, mwanamke wa maombi. Akiwa mwanafunzi, mtoto bado, yeye na wenzake wachache walianzisha umoja wao wakauita wa punje ya haradali, wakaahidiana kumfuata Kristo na kuwapenda watu wote. Alitamani kusomea uchungaji. Ukoo wake ukakataa, ukampeleka chuo kikuu akasome sheria. Alisoma. Akaajiriwa serikalini, Dresden, na akafanya kazi ya ofisi miaka kadhaa.

Mwaka 1722, Zinzendorf yuko kwenye hiyo ofisi ambayo hakuichagua, walifika wakimbizi kutoka Moravia, watu waliokimbia kwao kwa ajili ya imani, wakaomba mahali pa kukaa. Alikuwa na shamba, akawaruhusu wakae. Hapo ndipo palipoitwa Herrnhut. Miaka mitano baadaye aliacha ofisi akaenda kuishi nao. Hakuoneshwa umati wowote kabla. Watu wasio na pa kulala walikuja, naye akafungua. Mwaka 1728 akaanza kuwapa mstari mmoja wa Neno kila siku, na ndugu mmoja alipita nao nyumba kwa nyumba, akiwaambia kwa mdomo. Kuanzia 1731 ikachapwa kitabu, na haijakatika mpaka leo. Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian wakapanda kutoka upande wa Ziwa Nyasa, wakaweka kituo Rungwe, hapo chini yenu. Ukimsomea bibi neno la siku jioni, unafanya kazi ya yule ndugu wa 1728 aliyepita mlango kwa mlango. Wewe mlango wako ni mmoja.

Kufunga nakukataza, kwa mamlaka ya mtu anayeweza kuwa mama yako. Mpaka umalize mtihani wa Novemba unakula asubuhi, mchana na jioni. Ukitaka kujua Mungu anasema nini kuhusu kufunga, soma Isaya 58, uone anavyowataka watu wagawe chakula chao kwa mwenye njaa na wasijifiche na ndugu zao wa damu. Funga hiyo unaifunga tayari.

Tahasusi ichague. Anayekuambia usubiri sauti hatakuwepo siku fomu zinafungwa. Mungu ameshakupa mambo ya kuanzia: alama zako, walimu wanaokufahamu, na mama anayekutakia mema. Nenda kwa mwalimu wa Biolojia na wa Historia, kila mmoja umuulize kwa unyoofu anakuona wapi, ukiwa na karatasi ya matokeo yako ya kidato cha pili na ya majaribio. Kisha kaa na mama. Usimwambie hutaki PCB. Muulize kwa nini anataka uwe daktari. Sina uhakika atajibu nini, ila baba yenu alifariki na bibi haoni, na mimi ningeanza kufikiri hapo. Ukishamsikia ndipo umweleze unavyofaulu Kiswahili na Historia. Mkikosea, serikali huwa inafungua nafasi ya kubadilisha tahasusi matokeo yakishatoka. Dunia haitaisha.

Na macho ya bibi, je, yameonekana na daktari? Hukuandika. Wazee wengi huku kwetu wakipotewa na macho tunasema ni uzee, tunawaachia kona yao karibu na moto. Kama ni mtoto wa jicho, kile kiini cheupe katikati ya jicho, unafanyiwa upasuaji mfupi na mtu anarudi kuona. Kama ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi, lakini dawa huzuia kilichobaki kisiende. Hamtajua mpaka apimwe, na huu ni mwaka wa pili. Ongea na mama wiki hii. Anzeni zahanati ya karibu mpate rufaa. Hospitali ya rufaa ya kanda pale Mbeya ina kliniki ya macho. Sera ya nchi inataka mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila malipo, kwa hiyo pitieni kwa mtendaji wa kijiji mpate utambulisho wake. Mkihitaji nauli, mwambieni mchungaji, usharika una wajibu kwa wajane. Ile 35,000 yako usiitoe, hata mama akisema atairudisha baada ya mavuno. Ni godoro hilo.

Kwaya uipende, uiendee. Mdogo wako yuko darasa la sita, anajua kusoma. Jioni mbili kwa wiki ashike yeye kitabu, na wewe ukaimbe bila kujilaumu. Atasoma vibaya mwanzoni, ataruka maneno, bibi atamsimamisha kama anavyokusimamisha wewe. Ni vizuri kwake pia. Mtoto wa kiume aliyemsomea bibi yake Biblia akiwa na miaka 12 ana kitu cha kushika akifika miaka 20. Na Jumamosi moja mwombe kiongozi wenu mfanyie maombi yenu nyumbani kwa bibi badala ya darasani. Mpelekee hata kilo ya sukari, mmwimbie nyimbo anazozijua. Yeye naye amwombee kila mmoja wenu kwa jina. Hilo la kuuliza nani bado lisiwepo siku hiyo.

Rafiki yako akirudia habari ya mtumishi, usibishane naye, ni rafiki yako na anakutakia mema. Mwambie hivi: "Nimeamua kungoja, na nangoja nikiwa na kazi. Wewe njoo nyumbani jioni, tumsomee bibi pamoja." Akija, mpe yeye asome.

Na ninyi wenzangu mnaolea vijana, kutoka Tunduma mpaka Makambako, wachungaji, walimu wa kipaimara, walezi wa makongamano: nawaomba kwa machozi, tusiwazimie watoto taa tukawadai maono. Mama wa huyu binti aliuza lumbesa mbili ili mtoto aje kwetu, na mtoto akarudi nyumbani akifikiri Mungu amemsahau. Tukutane nao mmoja mmoja. Tuwaulize nani wanamhudumia nyumbani, tuwasikilize mpaka wamalize.

Binti wa Isongole, ukimaliza mtihani niandikie tena. Niambie daktari wa macho amesema nini, na mdogo wako anasomaje. Na jioni ya leo, ukifika kwenye ule mstari ambao bibi anakuwahi kuumalizia kwa Kinyakyusa, nyamaza kidogo, umuulize ni nani aliyemfundisha, na alikuwa na miaka mingapi. Jibu lake nitalingoja kwa hamu.